Mzigo Haujakamilika

Kontena lina tabia moja mbaya. Ulipake rangi ya maziwa, ulitandike mkeka, ulitundikie pazia la maua, lenyewe halikubali kwamba limeshakuwa nyumba. Mlango wake unabaki mlango wa mizigo: chuma kizito kutoka sakafuni hadi darini, na makomeo marefu kama mitaimbo, yote upande wa nje. Waliolitengeneza hawakuwahi kuwaza kwamba siku moja aliyemo ndani atataka kutoka. Magunia hayaombi ruhusa ya kutoka.

Makontena arobaini yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja uliokuwa wa mpira, baada ya mto kuvunja kingo zake na kuula mtaa mzima kwa usiku mmoja. Wataalamu walikuja wakasema ni jambo la busara. Chuma hiki kilikuwa kikiozea bandarini bila kazi, sasa kimepata watu wa kuwafunika. Wakaweka mabati juu ili kuwe na kivuli na mvua ikingwe kwenye mapipa, wakajaza kuta kwa maboksi makuukuu yasipitishe joto, wakatoboa matundu mawili ya ukubwa wa ngumi karibu na dari. Madirisha na vitasa vya ndani, walisema, ni awamu ya pili.

Kontena namba kumi na tatu lilikuwa na watu watano. Baba mwenye nyumba alikuwa mchomeleaji vyuma, jina lake la kazini Cheche, na ndiye aliyeajiriwa kukata hayo madirisha ya awamu ya pili, kontena moja baada ya jingine kwa kufuata namba. Alikuwa amefika la tisa. Mkewe alikuwa mshonaji, na wote walimwita Mama Kasuku kwa sababu ya binti yao wa miaka tisa, ambaye naye aliitwa Kasuku kwa sababu anazozijua kila aliyewahi kukaa naye dakika tano. Alikuwepo mtoto mchanga wa miezi minne. Na alikuwepo baba yake Cheche, mzee Karani.

Karani alikuwa amehesabu mizigo bandarini miaka thelathini na minne. Akili yake sasa ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, lakini hesabu ilikuwa imekataa kuondoka. Kila jioni alisimama nje ya mlango na kalamu yake ya nta, ile nyeusi nene ya kuandikia makasha, akawahesabu wanaoingia. Alichora vijiti ukutani. Vinne vikisimama, mkono ulibaki hewani.

"Wanne," alisema. "Bado mmoja."

"Tuko wote, Baba," Mama Kasuku alimjibu. "Ingia, chakula kinapoa."

"Mzigo haufungwi pungufu, mwanangu."

Mama Kasuku aliamini kwamba mzee anamngoja marehemu mkewe, aliyefariki miaka sita kabla ya mafuriko. Siku za mwanzo neno hilo lilimtoa machozi. Lakini huruma nayo inachoka, hasa ya mtu anayeamka alfajiri kupanga foleni ya maji na kushinda amejikunja kwenye cherehani, huku mtoto ananing'inia kifuani. Ilifika mahali akisikia "bado mmoja" anauma meno.

Kilichomaliza maneno kilikuwa mashati. Shule moja ilimpa kazi ya kushona mashati arobaini ya sare, kazi yake ya kwanza tangu mto uchukue kibanda chake. Aliyashona, akayapiga pasi, akayapeleka kifua mbele. Mwalimu mkuu akainua shati moja mbele ya walimu wenzake, akaligeuza. Mgongoni, kwa nta nyeusi isiyotoka hata kwa dawa, palikuwa pameandikwa kwa herufi nzuri za karani: LIMEHESABIWA.

"Huyu ataingia darasani au melini?" mwalimu mmoja aliuliza, na wote wakacheka.

Yalikuwa mashati sita. Mama Kasuku alicheka nao kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake. Kisha, akitoka pale, hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisi ya msimamizi wa makazi, akauliza kama ni kweli kuna nyumba ya kulelea wazee upande wa pili wa mji. Msimamizi akasema ipo, akatoa fomu. Ilikuwa Jumatatu. Hakumwambia mumewe.

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, uwanja ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wameitwa kwenye mkutano wa kugawa mapipa ya maji, Kasuku yuko shule, Cheche yuko kwenye kontena la tisa na mashine yake ya kukatia chuma, inayolia hata ukimwita mtu aliye mbele yako hakusikii. Mama Kasuku alikuwa ndani kabisa, karibu na ukuta wa nyuma, akifumua shati la tano kati ya yale sita ili abadilishe kipande cha mgongo. Mtoto alikuwa amelala kwenye beseni lililotandikwa kanga. Mlango ulikuwa wazi.

Karani alikuwa amekaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tuseme ukweli, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitupa jicho akaona kontena limeachwa wazi mchana kweupe, karani mwenye zamu hayupo, mlinzi hayupo, yeyote anaweza kupita akajichukulia. Akafanya alichofanya maelfu ya mara alipokuwa na mwili wenye nguvu. Akasimama, akasukuma mlango kwa bega, akashusha komeo la kwanza, akashusha la pili.

Mama Kasuku alisikia mlio wa chuma ukiingia kwenye chuma, na giza likamwangukia. Mwanzoni alidhani ni upepo. Akapapasa hadi mlangoni, akasukuma. Akasukuma tena kwa mgongo.

"Baba! Baba, fungua, tuko humu!"

 Alipiga ukuta kwa viganja, kisha kwa mkasi wa kukatia nguo. Mashine ya Cheche ililia kule mbali, ikapumzika, ikalia tena. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya bati, na kontena lisilo na dirisha likianza kupata moto halifanyi hivyo polepole. Mtoto aliamka. Alilia kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha akawa anahema tu mdomo wazi, shingo imelowa chapachapa. Mama Kasuku alimvua nguo zote, akamwinua juu kabisa kuelekea kwenye tundu la ngumi, roho yake yote imekaa kwenye viganja.

"Nani kaingia kwenye mzigo wangu?" sauti iliuliza nje.

"Ni mimi, Baba! Mkweo! Mama Kasuku!"

"Sikujui. Nimeshafunga. Nakwenda kuchukua lakiri."

Akasikia ndala zake zikianza kuondoka. Lakiri ni ile alama ya bati inayopigwa mlangoni baada ya kontena kufungwa, na huko alikokuwa akienda kuifuata, pengine alikuwa akielekea kwenye ghala lililobomolewa zamani. Angezunguka mji mpaka jioni. Mama Kasuku alitaka kupiga ukelele, na ukelele ulikuwa umeshafika kooni. Lakini kitu kingine kikatangulia, kitu alichokisikia kila jioni kwa miezi mitatu hadi akakichukia.

Akakaza sauti, akaifanya nzito, sauti ya mtu wa kazini.

"Karani! Unafunga mzigo gani huo? Mzigo haujakamilika!"

Ndala zikasimama.

"Nani anasema?"

"Zamu ya ndani. Karatasi yako inasema wangapi?"

 Karani akajibu kwa uangalifu, kama mtu anayesoma mbali: "Watano."

"Humu wamo wawili. Nimehesabu mwenyewe. Utapiga lakiri kwenye wawili?"

"Haiwezekani," Karani alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. "Mzigo haufungwi pungufu. Aibu gani hii! Ngoja, ngoja, nafungua."

Makomeo yalilia yakipanda. Mwanga uliingia kwa kishindo, na upepo nyuma yake. Mama Kasuku alitoka akijikwaa, akaanguka kwa magoti penye pipa la maji, akamchotea mtoto kwa kiganja, kichwani, kifuani, miguuni, mpaka mtoto akavuta pumzi ndefu na kuangua kilio cha hasira. Hajapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Mzee alikuwa amesimama juu yao. Macho yake yalikuwa yamerudi, yale ya kawaida, ya babu.

"Mwanangu," alisema, "mbona umelowa hivyo? Nani kawafungia humo ndani?"

Mama Kasuku alikuwa na hasira naye, tena hasira ya kweli. Lakini alimtazama ule uso uliojaa wasiwasi kwa ajili yake, mkono unaotafuta leso mfukoni ili umfute jasho, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Ni upepo, Baba," alisema.

*

Mahali pale hakuna siri inayodumu hata nusu saa. Jirani wa namba kumi alimkuta akimmwagia mtoto maji, akauliza, akajibiwa, na kufikia saa sita habari ilikuwa imefika ofisini ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha chungu kizima. Mama Kasuku na mumewe waliitwa.

Ofisi nayo ilikuwa kontena, ila lenye madirisha mawili na feni. Msimamizi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya, isipokuwa alikuwa na kaya arobaini na kalamu moja.

"Mtoto anaendeleaje, mdogo wangu?" aliuliza.

"Amenyonya. Amelala."

"Ashukuriwe Mungu. Sasa, ile fomu nilikuwa nimepanga tuifanyie kazi wiki ijayo, lakini baada ya leo siwezi. Gari litakuja kesho saa nne kumchukua mzee. Weka sahihi hapa."

"Fomu gani?" Cheche aliuliza. Alikuwa bado na miwani yake ya kazini kwenye paji la uso.

Msimamizi alimtazama huyu, akamtazama yule. "Ya kumpeleka nyumba ya wazee. Mkeo aliiomba Jumatatu. Hukuambiwa?"

Feni ilizunguka.  Cheche aliinamia viatu vyake, vile vilivyojaa matundu madogo ya cheche, akavitazama kana kwamba anaviona leo. Mama Kasuku alitamani angefoka. Aibu ya mashati ilikuwa kitu cha mchezo mbele ya hii.

Fomu ilisukumwa mbele yake. *Kaya namba 13. Idadi ya wakazi: 5.* Ile tano ilikuwa imepigwa mstari, na juu yake imeandikwa nne. Alishika kalamu. Aliiangalia ile nne.

"Siwezi," alisema.

"Uliomba mwenyewe, dada."

"Niliomba, sikatai. Niliomba kwa hasira ya mashati sita." Akaiweka kalamu chini. "Lakini hapa panasema wanne, na sisi ni watano. Karatasi pungufu haitiwi sahihi."

Alijisikia akiyasema maneno hayo, na akajua ni ya nani. Cheche aliinua kichwa.

Msimamizi alivua miwani. "Nikuulize kitu kimoja, na usinichukie. Akimfungia mtoto tena, na safari hii wewe hupo?"

Lilikuwa swali la haki. Tangu asubuhi Mama Kasuku alikuwa akijiuliza hilo hilo.

"Nami naogopa," alisema. "Nitaogopa kila siku. Lakini mlango ule hakuutengeneza baba mkwe. Mlango unaofungwa kwa nje tu ni mlango wa mahindi. Leo kafunga mzee aliyepotewa na akili. Kesho watafunga watoto wakicheza kombolela. Kuna makontena arobaini hapa, mama, na kila moja lina komeo. Utawapeleka wote nyumba ya wazee?"

"Vitasa vya ndani ni awamu ya pili."

"Mwanangu ana miezi minne. Hajui awamu."

Msimamizi alivaa tena miwani yake. Akachukua karatasi nyingine, akaandika mistari miwili mitatu ambayo hawakuiona. Kisha akatoa fomu mpya ya kaya, tupu, akampa Mama Kasuku.

"Kesho saa nne nitakuja na gari, kwa sababu limeshaagizwa," alisema. "Nikikuta komeo hata moja upande wa nje, litaondoka na mzee, na mimi nitalala usingizi wangu. Nikikuta hakuna, mtakuwa mmejaza fomu hiyo, nami nitaipokea. Ila fundi, umefika la tisa. Hilo lako ni la kumi na tatu. Sitaki kusikia fundi kajipendelea."

"La kumi ni la kwangu," alisema mtu mlangoni. Alikuwa ni yule jirani, ambaye bila shaka alikuwa amesimama pale tangu mwanzo. "Mimi nina mume anayekoroma, sina mtoto mchanga. Achukue zamu yangu."

*

Walirudi bila kuongozana, mke nyuma hatua tatu. Walipofika kwenye mapipa, Cheche alisimama akamngoja.

"Jumatatu," alisema.

"Ndiyo."

"Leo Alhamisi. Siku zote hizo tunakula sahani moja."

"Nilijaribu kukwambia. Kila nikifungua mdomo, namwona mzee anakukunjia shati lako la kazi."

Cheche alipangusa uso kwa mkono uliojaa masizi, akaufanya mbaya zaidi. "Ungeniambia ningekasirika sana," alisema. "Halafu baada ya mwezi ningekwenda mwenyewe kuiomba, kimyakimya kama wewe. Usidhani umechoka peke yako, mke wangu. Ni baba yangu. Juzi aliniuliza mimi ni kijana wa nani."

Hakuwa amewahi kumwambia hilo. Mama Kasuku alimshika mkono pale pale njiani, masizi na yote, na wapita njia wakatazama walivyotaka.

Kazi ilianza jua likiwa bado na nguvu. Cheche alivuta waya, akavaa miwani, akawasha mashine. Cheche za moto ziliruka, komeo la kwanza likaanza kulia. Hapo Karani akainuka kwenye ndoo yake kwa kasi ambayo hawakujua kwamba bado anayo.

"We kijana! Acha! Mali ya watu hiyo!" Alimshika mwanawe shati. "Nitaiandika! Nitapeleka jina lako kwa mkuu wa gati! Mzigo uko safarini unavunja komeo, wewe ni mwizi!"

"Baba, ni mimi."

"Mwizi!"

Watu walianza kukusanyika, na wengine wakacheka. Kasuku, aliyekuwa amerudi shule, alisimama kando na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema. Cheche alizima mashine. Alivua miwani, na mkewe akaona kwamba machozi yanataka kumtoka mbele za watu, mtu mzima mwenye mabega yale. Akadhani yatamshinda. Lakini Cheche alimshika mzee mikono yote miwili na kusema taratibu, kwa heshima, kama kijana wa kazi anayetoa taarifa kwa mkubwa wake:

"Karani, safari imekwisha. Kontena limefika."

Mzee alisita. "Limefika?"

"Limefika. Hapa ndipo lilipokuwa linakuja. Komeo ni la safarini tu."

Karani alilitazama kontena kutoka pembe hadi pembe: rangi ya maziwa, pazia la maua, mabati ya juu, pipa. Alilitazama muda mrefu, akilipima.

"Likifika," alisema, "lazima lipokelewe. Karatasi iko wapi?"

Mama Kasuku alikuwa nayo. Alikunjua ile fomu tupu, akaiweka juu ya kibao cha kukatia nguo, akampa. Mzee alitoa kalamu yake ya nta mfukoni. 

"Haya. Ingieni mmoja mmoja, msisongamane."

Kasuku aliingia kwanza. Kijiti. Cheche akafuata, akiinama ingawa mlango ni mrefu. Kijiti. Mama Kasuku akapita na mtoto begani, na Karani akamgusa mtoto unyayo kwa kidole, ili asimwache. Vijiti viwili.

"Wanne," alisema. Mkono ukabaki hewani. "Bado mmoja."

Mama Kasuku alikuwa amesimama ndani ya kizingiti, akimtazama. Kwa miezi mitatu alikuwa akimwona kwa mgongo, au kwa pembe ya jicho, au kwa hasira. Sasa alimwona kutoka ndani, kama kontena lenyewe lingemwona: mzee aliyesimama nje peke yake na kalamu, ameshaingiza kila mtu. Hakuna marehemu aliyekuwa akingojwa. Miaka thelathini na minne, karani anahesabu kinachoingia, halafu anabaki gatini.

Alimpa Kasuku mtoto. Akatoka nje, akashika ule mkono wenye kalamu.

"Njoo, Baba," alisema. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye wa tano."

Mzee alimtazama, akalitazama kontena, akatazama karatasi. Kisha akainua mguu, akavuka kizingiti taratibu sana, kama anayeogopa kwamba kuna mtu atamrudisha. Hakuna aliyemrudisha. Pale ndani, akiegemea cherehani, akavikata vile vijiti vinne kwa kijiti cha tano.

Cheche alikata makomeo yote kabla ya jua kuzama, akachomelea kitasa upande wa ndani, na kesho yake asubuhi akafungua dirisha ukutani, pana kiasi cha mtoto kuona mti.

Saa nne msimamizi alikuja na gari kama alivyosema. Alisukuma mlango, akaufunga, akaufungua kwa ndani mara tatu. Kisha akaomba fomu. Mama Kasuku alikuwa amejaribu kuifuta akashindwa, kwa kuwa nta ile haitoki hata kwa dawa. Palipoandikwa *Idadi ya wakazi* palikuwa na vijiti vinne na kimoja kimevikata, na chini yake, kwa herufi nzuri za karani:

Watano. Wamepokelewa wote. Hali nzuri.

Msimamizi aliisoma, akarekebisha miwani yake, akaisoma tena. Akaipiga mhuri, akamwambia dereva aondoke.